Turubai Likishashushwa

Siku ya nne baada ya kumzika baba, vijana wa kukodisha viti walikuja saa tatu asubuhi. Walifungua kamba, wakakunja turubai, wakapakia viti vya plastiki kwenye guta huku wakihesabu kwa sauti. Viwili vilikuwa vimevunjika miguu, tukavilipia. Guta lilipoondoka, uani palibaki vishimo vya miguu ya viti kila mahali, na jua likaingia hadi kizingitini, mahali ambapo halikuwa limefika tangu Jumamosi. Mama aliinuka akaenda jikoni kupima mchele wa mchana. Alipima vikombe kumi na viwili. Tulikuwa tumebaki watu watatu.

Kuzika tunajua. Kilio kikisikika mtaani kwetu Dar es Salaam, haipiti saa moja mikeka imetandikwa, kamati imeundwa, daftari la rambirambi limepata mwandishi, na sufuria kubwa limetoka kwa jirani ambaye hakungoja kuombwa. Hakuna aliyesomea kazi hiyo. Ila nguvu zote hizo tunazimaliza ndani ya siku tatu nne, wakati mfiwa bado ameduwaa, hasikii vizuri hata anachoambiwa. Anapozinduka na kuanza kuumia kweli, watu wameshatawanyika. Hata sheria inakwenda na mwendo huohuo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto likizo ya malipo isiyopungua siku 4. Turubai na likizo huisha pamoja.

Kwa hiyo mbinu zote nitakazotaja hapa zina shina moja: wema wako ugawe. Kidogo ulete chini ya turubai, kingi ukiweke kwa ajili ya siku zitakazofuata.

Chini ya turubai, shika kazi moja

Swali la "Nikusaidie nini?" lina heshima yake, lakini linampa mfiwa kazi ya kukupangia kazi. Mtu asiyekumbuka kama amenawa uso atakupangia nini? Tazama mwenyewe, au mwulize jirani wa karibu, kisha shika jambo moja ulimalize. Yanayosahaulika mara nyingi ni haya:

- Dawa. Wazee wengi wana presha au kisukari, na msibani huruka dozi siku mbili tatu bila mtu kujua. Awepo mmoja wa kusimamia dawa za bibi na mlo wake.
- Simu. Ichaji, ipokee kwa niaba ya mfiwa, andika nani amepiga na nani ametuma mchango.
- Watoto. Wakubwa wakiwa wanalia na kupanga mazishi, watoto huzurura bila kula wala kuoga. Wachukue, walaze kwako ikibidi, ila waage nyumbani kwanza.
- Wageni wa mbali. Kuna anayeshuka stendi usiku wa manane asiyeijua nyumba. Mpokee.
- Msemaji. Kila anayeingia huuliza, "Ilikuwaje?" Mjane akiachwa ajibu mwenyewe, hadi jioni atakuwa amemuua mumewe mara arobaini kwa mdomo wake. Mtafute ndugu mmoja wa kusimulia, na wageni waelekezwe kwake.

Chakula nacho kina neno. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe, kwa kuwa ilikuwa imeshughulishwa na msiba. Sisi siku hizi tumegeuza: mfiwa ndiye anayelisha mtaa mzima, na wapo wanaolalamika kuwa wali haukuwa na nyama. Ukiweza, kula kwako kabla hujaja, pika kwako ulete. Na fungu lako la rambirambi likate mara mbili: nusu iandikwe daftarini, nusu uiweke mpaka mwezi wa pili, siku ambayo gesi itaisha na hakuna daftari la kuandikwa jina lako.

Watani wakija, waacheni. Mnyamwezi akifiwa, mtani wake Mzaramo anaweza kuvaa koti la marehemu, akaigiza mwendo wake, akadai deni ambalo halikuwepo, akagoma kupisha mpaka alipwe. Wahehe na Wangoni hawana tofauti. Mgeni asiyejua mila ataona kejeli. Aliyefiwa anajua kwamba kwa dakika mbili amemwona tena baba yake akitembea, na kwamba ameruhusiwa kucheka mbele za watu bila kusemwa.

"Pole" inatosha

Wengi hukwepa kwenda kumwona mfiwa kwa kuogopa kukosa la kusema. La kusema lipo, na ni fupi: pole. Kaa chini, shika mkono, nyamaza. Ukimya wa mtu aliyeketi kwenye mkeka wako haufanani na ukimya wa mtu ambaye hakuja.

Yanayoumiza ni maneno tunayoongeza ili kuujaza ukimya huo. "Jikaze" humfundisha mtu kuficha. "Bado kijana, utazaa mwingine" humfanya mtoto aliyekufa kuwa kitu cha kubadilishwa. "Afadhali amepumzika" linaweza kuwa kweli kwa mgonjwa aliyeteseka miaka, lakini ni kweli ya kusemwa na yule aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku, si na wewe uliyefika leo. Na ile "Hata mimi nilipofiwa na mama…" inayofuatiwa na hadithi ya nusu saa humlazimisha mfiwa akupe pole wewe. Wahenga walituonya: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali, unadhani ni mwepesi.

Na maneno ya imani, kama "Kazi ya Mungu haina makosa"? Hapo nashika methali nyingine: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Akianza yeye, itikia. Akiwa bado anagombana na Mungu wake, usijifanye wakili. Kaa naye tu.

Linalofariji zaidi ni jina la marehemu. Baada ya mazishi watu huanza kulikwepa, wakidhani wanamkinga mfiwa asikumbuke, kana kwamba amesahau. Litaje. Mwambie: "Leo nimepita pale alipokuwa akinunua gazeti, nikamkumbuka anavyobishana na muuzaji." Kama unaandika ujumbe wa simu, malizia hivi: "Huna haja ya kunijibu." Utakuwa umempunguzia deni moja.

Turubai likishashushwa: shika kalenda

Hapa ndipo penye kazi. Chukua simu yako, fungua kalenda, andika tarehe hizi kabla hujasahau.

Wiki ya pili, ambayo nyumba inaanza kuwa kimya. Kisha arobaini, ambapo watu watarudi kwa siku moja na kuondoka tena. Kama ni mjane Mwislamu, andika muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi, au hadi atakapojifungua ikiwa ni mjamzito. Siku hizo hatoki nyumbani bila haja ya msingi, kwa hiyo sokoni utamwendea wewe. Andika mwezi ambao ada za shule hudaiwa. Andika Idi au Krismasi ya kwanza, siku ambayo sahani moja itazidi. Andika siku ya kuzaliwa ya marehemu, na tarehe ileile mwakani.

Kila tarehe ikifika, peleka jambo lenye umbo. "Ukiwa na shida usisite kuniambia" halina umbo. Mfiwa ataogopa kusumbua. "Jumamosi saa nne nitapita na samaki, nitakaa nusu saa" lina siku, saa, kitu, na mwisho. Anaweza kukubali bila kufikiri, na anajua hatalazimika kukuburudisha mchana kutwa. Kama huna cha kubeba, jitolee kwenda naye mahali anapoogopa kwenda peke yake: benki, kaburini, kwenye ile ofisi ambayo meza ya marehemu bado ina miwani yake.

Jirani yetu mmoja, muuza vitumbua, alikuwa akija kila Ijumaa akishamaliza mauzo. Hakuwa na hotuba. Alichukua ungo, akaketi barazani na mama, wakachambua mchele. Wiki nyingine hawakusemezana kitu zaidi ya bei ya mafuta.

Karatasi zisizongoja machozi yakauke

Kama wewe ndiye unayejua ofisi katika ukoo, huu ndio msaada wako. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na hatua ya kwanza ni kutunza karatasi ya taarifa ya kifo mliyopewa hospitalini au kwa mtendaji. Cheti kikitoka, tengeneza nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana benki, mwajiri na mfuko wa pensheni kila mmoja atataka yake. Marehemu aliyekuwa akichangia NSSF au PSSSF ameacha mafao ya wategemezi, ulizeni mapema.

Kikao cha ukoo kikae, kipendekeze msimamizi wa mirathi, kiandike muhtasari na wote watie sahihi. Maombi ya wanaofuata mila au sheria ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo; mengine hupelekwa mahakama za juu yake. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, atakusanya, atalipa madeni, atagawa na kutoa hesabu. Pesa zilizo kwenye simu ya marehemu nazo ni mirathi, hata kama namba ya siri mnaijua.

Na mjane asiharakishwe. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi atakapo, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye. Shemeji anayekuja na habari za kurithi mjane, au za kubadilisha kufuli, asomewe kifungu hicho mbele ya wazee.

Kama mfiwa ni wewe

Huzuni hukaa mwilini kabla ya kukaa akilini. Kifua kitabana, chakula kitakosa ladha, utaunguza maharage, utaingia chumbani ukasahau ulifuata nini. Hujarukwa na akili. Kula kidogo kidogo hata bila hamu, kunywa maji, toka juani kila siku. Kama hukulala, usiendeshe gari wala pikipiki. Usiuze kiwanja, usihame nyumba, usiahidi mtu jambo kubwa katika miezi hii ya mwanzo. Pombe na vidonge vya usingizi vya kununua bila daktari hukopesha usiku mmoja na kudai mwezi mzima.

Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano, na ukajiona umeshindwa kwa kuwa jana ulikuwa "umekubali" na leo umerudi kwenye hasira. Hatua hizo alizieleza Elisabeth Kübler-Ross katika kitabu chake cha mwaka 1969, naye alikuwa akizungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hazikuandikwa kama ngazi ya wafiwa. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani angelitambua: mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko kwenye uchungu, saa ijayo yuko kwenye shughuli za kuishi, na kwenda huko na kurudi ndiko kunakomponya. Maji hujaa na kupwa. Ipo bamvua, siku ya kumbukumbu au wimbo redioni, maji yakafika hadi mlangoni. Yapo maji mafu, ikapita wiki nzima ukishangaa kwamba unaweza. Siku ukicheka, usijishitaki.

Kulia nako kuna msimu wake, na wanaume wamo. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim. Yesu alimlilia Lazaro. Mwanamume akikatazwa machozi, uchungu hutafuta mlango mwingine, mara nyingi kwenye chupa au kwenye ngumi.

Vitu vya marehemu havina haraka. Ukiwa tayari, fanya mafungu matatu: vya kugawa, vya kubaki, na vya kuamua baadaye. Fungu la tatu liruhusu liwe kubwa. Sauti yake iliyomo kwenye simu ihifadhi mahali pawili leo hii, kabla simu haijaanguka. Kisha zungumza naye kwa njia yako. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimwandikia shairi, likaishi kuliko wote wawili. Lako halihitaji vina. Daftari la shule na kalamu vinatosha, ukimwandikia kilichotokea wiki hii na usichowahi kumwambia.

Watoto waambiwe "amekufa"

Tukimwambia mtoto kwamba babu amesafiri, atamngoja. Tukimwambia amelala, ataogopa kulala. Sema amekufa, kisha eleza kwa maneno ya mwili: moyo umesimama, hapumui, haumwi, hatarudi. Mtoto wa chini ya miaka mitano huenda akauliza kesho, "Babu anarudi lini?" Jibu tena, vilevile, bila kukasirika, kutorudi ni jambo gumu kwa umri wake. Mhakikishie kwamba hakusababisha yeye, maana wengi hudhani kifo kimetokana na utundu wao. Akitaka kwenda mazishini, mweleze atakachokiona na umkabidhi mtu wa kumshika mkono, asipotaka, asilazimishwe. Na ukimkuta anacheza mpira saa moja baada ya kulia, mwache. Watoto huomboleza kwa vipande.

Misiba isiyofungiwa turubai

Wapo wanaofiwa bila viti wala daftari. Mama ambaye mimba imetoka, au aliyezaa mtoto mfu, huambiwa "hakuwa mtu bado" na kurudishwa kwenye kazi za nyumba wiki hiyohiyo. Nenda ukampe pole kama mfiwa, mwulize kama mtoto alikuwa na jina, na mpe pole baba pia.

Familia ya aliyejiua hupata wageni wachache na minong'ono mingi. Nenda kama unavyokwenda kwingine kote. Usiulize alifanyaje, usitafute wa kulaumiwa. Wao wameshajilaumu kuliko utakavyoweza.

Wapo wasio na kaburi. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, miili mingi haikupatikana. Aliyepotelewa hivyo hungoja mlango ugongwe miaka na miaka. Usimlazimishe akubali. Msaidie apate mahali pa kukumbukia: mti uliopandwa, dua ya kila mwaka, jina lililoandikwa ukutani.

Na yupo dada anayefanya kazi Muscat, aliyeona mazishi ya mama yake kwenye kioo cha simu, huku mtandao ukikatika, kisha akarudi kuosha vyombo vya watu. Huyo mpigie peke yake, baada ya wote kumaliza kupiga. Mwekee khanga moja ya mama kabla hazijagawiwa. Na siku ya arobaini mpe kazi, hata kama ni kuchagua atakayesoma dua, ili awe na mkono wake katika msiba wake.

Lini tuite daktari

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Huzuni yenyewe si ugonjwa, lakini inaweza kukwama. Shirika la Afya Duniani huanza kuiita ugonjwa ikiwa, baada ya miezi 6 au zaidi na kupita kiasi cha mila za mtu huyo, uchungu bado unamzuia kuishi: hafanyi kazi, hajali watoto, hatoki. Zipo dalili zisizongoja kalenda: anayekunywa kila siku, asiyekula kabisa, anayesema anataka kumfuata marehemu. Huyo mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya. Humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa hutoa huduma ya afya ya akili, Muhimbili ipo, na Mirembe ya Dodoma ipo. Kumwona daktari hakumwondolei mtu imani yake wala heshima yake.

Mwezi wa tano, eda ya mama ilikuwa imekwisha. Ijumaa ile yule jirani alikuwa barazani na ungo wake kama kawaida. Mama akatoka na kikombe, akapima mchele wa mchana: viwili, vya watu watatu, bila kuhesabu kwa sauti. Nilimwona jirani amekitazama kikombe, akautazama uso wa mama, kisha akausogeza ungo.

"Ongeza, dada," akasema. "Leo na mimi nakula hapa."